Mawe Manne

Prešov, Februari ya themanini na nane.
Theluji imefika dirisha la ghorofa ya chini
na Ctibor ameikalia miwani yake.

Ameikalia, nasema, kwa uzito wote wa miaka kumi na mitatu:
kioo kimoja kikachomoka, cha pili kikafanya utando wa buibui.
Ndiyo maana niko hapa. Vinginevyo asingeniita,
mimi wa mlango wa pili, nisiyejua kompyuta.

Kompyuta yenyewe ni kibao cheusi, vitufe vya mpira
kama pipi zilizolambwa zikarudishwa.
Kanda imepiga mayowe dakika saba,
nakala ya nakala ya nakala, mtunzi hatumjui,
kisha maneno, meupe, kwenye televisheni ya mama yake:

UKO MBELE YA LANGO.
MAWE MANNE YANA HERUFI: A, I, L, M.
LANGO LINASEMA:

    Tajiri anihesabu,
    mkulima ni taabu,
    wa kale ndiyo adabu,
    barabara hujipaka.

    Hayo yote nayajua,
    usije kunisumbua;
    la tano utatambua:
    ukisikia, andika.

Ctibor akapanga MALI. Akapanga LIMA.
Akapanga MILA, akapanga LAMI.
Kila mara lango likajibu, HILO NIMESHALITAJA,
kwa upole wa karani anayefunga dirisha.
Ukikosa mara tano linakumeza,
na kanda inaanza upya, dakika saba za mayowe.
Tulikuwa tumeshamezwa mara tatu.

Sikiliza, nikamwambia. Linataka tusikilize.
SIKILIZA LANGO.
HUSIKII KITU.
SIKILIZA MAWE.
MAWE NI MAWE.
Akaandika tusi ambalo baba yake huliambia lifti ikikwama.
NENO HILO SILIJUI, likasema lango,
tukacheka mpaka mama yake akagonga ukuta kwa mwiko.

Saa mbili usiku. Limebaki jaribio moja.
Mimi nasoma kutoka kwenye kioo, yeye anabonyeza,
pua yake inakaribia kugusa vitufe.

"Andika: chunguza mawe. Nukta."
"Nukta ya nini?"
"Mazoea. Mwalimu Hedviga husema nukta."
"Usiniletee Hedviga humu ndani. Taratibu basi.
Umesema chunguza, au chungulia?
Rudia. Nimekosa. Rudia tena.
Bronislava, mimi nilikuja kucheza,
sikuja kufanya —"

Akanyamaza.
Kidole kikabaki hewani
kama cha mtu aliyesahau namba ya simu ya kwao.

Mnapaswa kujua kwamba daftari la Ctibor,
lile la Jumatatu asubuhi,
lilikuwa kama sakafu ya bucha, wino mwekundu hadi pembezoni;
kwamba Hedviga alilisoma mbele ya darasa
akiitamka kila herufi iliyokosewa;
kwamba neno lenyewe, akilisikia tu, lilimuumiza tumbo.

I, akabonyeza.
M.
Hakuniuliza lolote.
L.
A.

HATIMAYE, likasema lango.

Nilitarajia dhahabu. Joka, angalau.
Tukapewa chumba kitupu, dawati moja, daftari.
SOMA DAFTARI, nikamwambia, na safari hii sikutia nukta.

MAKOSA THELATHINI NA MOJA. RUDIA YOTE.
MCHEZO UMEKWISHA.

Basi. Hapakuwa na zaidi.
Kanda ikazunguka kidogo, ikakwaruza, ikasimama.
Nje mtu alikuwa anapara theluji kwa koleo,
nami nikaanza kutafuta viatu vyangu.

Lakini Ctibor, ambaye rekodi yake ilikuwa thelathini na nne,
aliinuka, akaiendea televisheni,
akaukaribisha uso wake usio na miwani
mpaka mwanga ukampaka mashavu,
akaisoma ile sentensi mwenyewe, herufi kwa herufi,
kama mtu anayepapasa jina lililochongwa mlangoni.

"Huyu," akasema.
"Huyu namjua."